Kabla hujafunga mbegu ya mwani: bahari, bei, dini na haki ya mwanamke

Kilimo cha mwani kilianza kuwa biashara Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Miaka kadhaa kabla ya hapo Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa akifanya utafiti na kuwahimiza watu kwamba pwani zetu zinaufaa. Mwanzoni wanaume nao waliingia. Walipouona ujira na jinsi mgongo unavyouma, wengi wakarudi kwenye uvuvi na hoteli, wanawake wakabaki. Leo Zanzibar ina wakulima wa mwani zaidi ya 20,000, na karibu wanane kati ya kila kumi ni wanawake.

Anayetaka kuanza hufundishwa kupigilia vijiti na kufunga kamba. Hayo hujifunza kwa bamvua moja, yaani zile siku chache za maji kujaa na kupwa sana. Yanayomtoa machozi baadaye ni mengine: joto la bahari, bei inayopangwa na watu asiowajua, mume anayeacha kutoa matumizi kwa sababu mke ana mwani, hoteli inayotaka pwani ile ile. Tuliopita njia hii tunayajua yote manne, na tunajua pia kwamba huja kwa pamoja. Kwa hiyo yanaelezwa hapa kwa mpangilio ambao mkulima mpya hukutana nayo.

Nyumbani huanza kabla ya pwani. Miaka ya mwanzo manung'uniko yalikuwa makubwa: mwanamke anashinda majini, nguo zimemganda mwilini, chakula cha mchana hakijaiva. Zipo ndoa zilizovunjika kwa sababu ya mwani. Kilichotuliza mambo ni bati juu ya nyumba na sare za watoto. Anayeanza leo asingoje mpaka mabati yamtetee. Aizungumze idhini mapema, mbele ya mtu mzima wa ukoo anayesikilizwa, na kwa saa zinazojulikana: siku zipi atakuwa pwani, atarudi wakati gani, nani atapika. Suala la stara lina jibu la nguo. Suruali nyepesi ndani, gauni la rangi ya giza juu, kanga imefungwa kiunoni, ushungi uliobanwa ili upepo wa kusi usiuchukue, na viatu vya mpira vilivyofunika vidole. Viatu ni lazima. Miba ya viumbe vya baharini ikiingia unyayoni, bamvua zima limekwenda.

Katika mazungumzo hayo hayo itajwe pesa. Surat An-Nisaa, aya ya 32, inasema wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Masheikh wa visiwani hawabishani juu ya hili: mali ya mke ni yake, na wajibu wa mume kulisha nyumba haufutiki kwa sababu mke amepata. Lakini kwa vitendo mambo huharibika taratibu. Mwezi wa kwanza mume hupunguza pesa ya kitoweo, mwezi wa tatu ada ya shule inakuwa ya mama, na mwaka ukiisha mwanamke analima, anateka maji, anapika na analipa kila kitu. Mwani humwongezea mwanamke kazi kabla ya kumwongezea haki, na anayesema kilimo hiki kimewakomboa wanawake bila kulitaja hilo hajakaa kijijini. Dawa yake ni kusema mwanzoni, mbele ya yule yule mtu mzima, kwamba matumizi yanabaki pale pale.

Tena kuna jambo la nyumba. Wakulima wengi wamejenga kwa pesa ya mwani, tofali kwa tofali, juu ya kiwanja cha ukoo wa mume. Talaka ikija, ukuta hauhamishiki. Kama kuna njia ya kupata kiwanja kwenu, au kununua kidogo kwa jina lako, fanya hivyo kabla ya kununua saruji. Ikishindikana, kila risiti ya mabati, nondo na mbao iandikwe jina lako kamili na itunzwe nje ya nyumba hiyo, kwa mama au kwa dada. Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya mwaka 2017 imempa kadhi mamlaka ya kugawa mali ya ndoa kwa kuangalia mchango wa kila mmoja. Mchango usio na karatasi hubaki kuwa maneno ya watu wawili.

Sasa pwani. Mahali pazuri pana mchanga mweupe au wa kijivu, maji yanatembea lakini hayapigi, na kwenye kupwa kukubwa kabisa mwani unabaki na maji ya kufikia kifundo cha mguu au zaidi. Mwani ukikaa juu ya mchanga mkavu saa mbili unaungua. Epuka karibu na mahali maji ya mvua yanapomiminikia baharini, maana maji matamu huudhoofisha. Na usifyeke majani ya bahari ili kupata nafasi. Ndani yake ndimo wanamokaa kombe na chaza, na ndimo samaki wanamokulia. Wanaookota kombe ni wanawake wenzako, mara nyingi wajane na wazee wasioweza tena kuinama saa tatu. Shamba lako likiua majani hayo, umechukua kitoweo chao.

Vijiti viwe na urefu wa sentimita 50 hadi 60, vimechongwa ncha. Tundu hutobolewa kwa mtaimbo, kisha kijiti hupigiliwa mpaka nusu izame. Msikate mikoko. Mvinje unafaa, na mkoko ukikatwa ufukwe unaliwa na bahari, shamba lenu likiwemo. Kamba ya nailoni ya mita 5 hufungwa taitai, yaani vijikamba vya plastiki vya kushikia mbegu, kila baada ya sentimita 20 hadi 25, kwa hiyo kamba moja hubeba mbegu kama 20. Kila mbegu ni kipande cha gramu 100 hivi, chenye matawi mengi machanga, kisicho na doa jeupe. Maana yake kamba moja inahitaji kilo 2 za mbegu. Fundo la taitai likazwe kiasi cha kushika shina tu. Likibana sana linakata, likilegea mawimbi yanachukua. Taitai zilizokatika zirudi nyumbani kwenye mfuko. Ni plastiki, na kobe wa baharini haitambui.

Kalenda ya mwani ni mwezi wa Kiislamu. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na katika siku hizo kwenye pwani ya mashariki maji hupwa kabisa kati ya saa tatu asubuhi na saa saba mchana. Una saa mbili hadi nne za kazi, kwa siku tano au sita. Maji mafu, siku ambazo bahari haipwi sana, hayana kazi ya shambani. Hizo ni siku za kuanika, kutengeneza kamba na kupumzika. Panga pia kwa Ramadhani: vuna bamvua la mwisho la Shaabani, funga mbegu mpya hapo hapo, ili mwezi wa kufunga uwe wa kukagua tu. Kuvuna na kubeba mapolo (magunia makubwa) ya mwani mbichi kwenye jua la saa sita, ukiwa umefunga, kumewaangusha wanawake wenye nguvu zao.

Mwani hukomaa wiki sita. Kipande cha gramu 100 kikiota vizuri hufikia nusu kilo na zaidi, na mwani mbichi kilo saba hadi kumi hutoa kavu kilo moja. Piga hesabu kabla ya kuingia. Kamba 50 zenye mbegu 1,000, kila moja ikifika gramu 700, ni kilo 700 mbichi. Toa kilo 100 za mbegu ya kupanda tena. Zilizobaki 600 zikikauka ni kilo 60 hadi 85. Ukichukulia kwa mfano kwamba wakala wa kampuni inayonunua anatoa shilingi 700 kwa kilo, unapata kati ya 42,000 na 60,000 kwa wiki sita, kama bahari haikuchukua kitu. Hesabu hii inauma. Lakini ni bora ikuume ukiwa nyumbani kuliko ikuume mbele ya mizani.

Aina ndiyo inayoamua bei. Zanzibar tunalima hasa mbili, spinosum na kotonii. Kotonii ina bei kubwa zaidi kwa sababu utomvu wake huganda imara, lakini haivumilii joto. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 imekufa pwani baada ya pwani, na kwa wengi kilichobaki ni spinosum, yenye bei ndogo. Maji ya kina kifupi mchana wa Januari hadi Machi hupata joto kali, na ndipo ugonjwa unaoitwa aisi-aisi hujitokeza. Ncha za matawi hupauka, kisha sehemu katikati ya tawi inakuwa nyeupe kama barafu na laini, na kwa wimbi moja tawi linakatika. Mmea umechoshwa na joto, au na mvua kubwa iliyopunguza chumvi, halafu bakteria wanaingia. Kuna tatizo jingine chini yake: mbegu zetu zote ni vipande vilivyokatwa kutoka kwenye vipande, tangu zile za Ufilipino. Hazina tofauti za kutosha baina yao, kwa hiyo linaloua mmoja huua shamba.

Ukiona weupe wa kwanza, usisubiri wiki sita zitimie. Vuna eneo lote bamvua hilo hilo, tenga vipande vizima vya kijani au kahawia visivyo na doa, uvipeleke kwenye mkondo wenye maji mengi na baridi zaidi. Usipande tena mahali palipougua mpaka bamvua mbili zipite. Weka mbegu katika sehemu tatu tofauti, moja kwa mwenzako wa kijiji kingine ikiwezekana. Januari hadi Machi punguza kamba, tumia miezi ya Juni hadi Septemba kupanua. Na tikisa kila kamba kila unapopita, kwa sababu uchafu wa nyuzinyuzi unaoshika mwani huuzibia mwanga. Mikono ikianza kuwasha baada ya kugusa uchafu huo, vaa glavu na osha kwa maji baridi yasiyo ya chumvi.

Mashamba yalipokufa, zilisikika sauti kwamba ni adhabu kwa wanawake waliotoka majumbani. Maneno hayo yalijeruhi sana, na yanajibika kwa dini yenyewe. Surat Ar-Rum, aya ya 41, inataja uharibifu uliodhihiri bara na baharini kwa sababu ya yale yaliyotendwa na mikono ya watu. Moshi uliopasha bahari joto haukutoka kwenye meko ya Jambiani. Umetoka kwenye viwanda, ndege na magari ya nchi nyingine, na anayelipa ni mwanamke asiye na gari. Pemba tuna mfano wa jinsi hoja ya namna hii inavyofanya kazi. Katika kisiwa cha Misali, kilichotengwa kwa hifadhi mwaka 1998, wavuvi waliokuwa hawasikii katazo la serikali kuhusu baruti walielezwa wajibu wao kwa Qur'ani na masheikh wao, na wengi wakaelewa. Kasoro ya njia hiyo ni kwamba khutba ya Ijumaa huwafikia zaidi wanaume. Kikundi cha mwani kinachotaka kuungwa mkono kimwombe khatibu azungumze na wanaume juu ya pwani na jasho la wake zao, kisha kilete somo hilo hilo kwenye darsa za wanawake na madrasa. Tumeona ustadhati mmoja wa kijiji akimaliza kwa jioni moja ugomvi ambao mkutano wa mradi haukuuweza.

Kuanika kunaonekana kazi ndogo, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Mwani ukianikwa mchangani, mchanga unaingia, wakala anakata kilo. Jenga chanja ya fito na nyavu kuukuu, iwe juu ya ardhi kwa urefu wa kiuno. Siku mbili hadi tatu za jua zinatosha, ukigeuza asubuhi na alasiri. Mvua ikija funika kwa turubai, maana mwani kavu ukinyeshewa hupoteza chumvi na utomvu, unapauka na kushuka daraja. Kipimo cha mkono: shika tawi moja, lazima liwe gumu kama mpira, chumvi nyeupe imetoka juu, na halitoi maji ukilibana. Usiweke mapolo ndani ya chumba cha kulala. Harufu yake huwasha macho na kifua cha watoto.

Kisha mizani. Kampuni nyingi huwapa wakulima kamba na taitai bure, na kwa malipo ya wema huo mkulima hana ruhusa ya kumuuzia mwingine. Kamba za shamba dogo si ghali kiasi hicho. Kikundi cha watu 15 kikichanga kwenye kikoba kwa miezi michache kinaweza kununua zake na kubaki huru kuchagua mnunuzi. Ununuzi wa pili wa kikundi uwe mizani ya kuning'iniza ya kilo 100. Pima kila polo kabla wakala hajafika, andika namba juu ya polo kwa rangi na ndani ya daftari. Ukitofautiana naye, hamna haja ya kelele, linyanyueni polo lile lile tena mbele ya watu. Surat Al-Mutaffifin inaanza kwa ole kwa wanaopunja vipimo, na inamhusu pia mkulima anayetia mawe katikati ya polo. Wapo, na kijiji kizima hushushiwa bei kwa sababu yao.

Bei yenyewe kikundi hakiipangi. Mwani unakwenda Ulaya, Asia na Marekani, unageuzwa unga wa karagini unaogandisha dawa ya meno, aiskrimu, maziwa ya chokoleti na nyama za makopo. Indonesia na Ufilipino wanalima kwa wingi mara nyingi kuliko sisi, kwa hiyo wakivuna sana, bei inaanguka Bwejuu. Kugoma kuuza kunawezekana kama mwani umekauka barabara na ghala halivuji, kwani unaweza kukaa miezi kadhaa. Msigome mkiwa na mwani wa unyevu. Utaoza, na wakala anajua hilo kuliko nyinyi.

Kwa sababu hiyo wanawake wa Kidoti na vijiji vingine, wakisaidiwa na watafiti kama Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, walianza kutengeneza sabuni. Sabuni inalipa kuliko mwani mtupu kwa kila kilo, lakini ina hatari zake. Kwa kilo 1 ya mafuta ya nazi tumia kostiki soda gramu 150 na maji gramu 330, vyote vikipimwa kwa mizani ya gramu, si kwa kikombe. Tia soda ndani ya maji kidogo kidogo, nje penye upepo, kwenye ndoo ya plastiki ngumu. Ukimimina maji juu ya soda yanaweza kukurukia usoni, na sufuria ya alumini italiwa. Vaa miwani na glavu, watoto wawe mbali. Acha maji ya soda yapoe mpaka vuguvugu, yamimine kwenye mafuta yenye joto hilo hilo, koroga upande mmoja mpaka mwiko uache alama juu. Hapo tia unga wa mwani gramu 20 hadi 30, uliochekechwa kwa kitambaa, na mafuta ya karafuu yasiyozidi mililita 10. Ukizidisha karafuu, sabuni hugandia ndoo kabla haijamwagwa, na ngozi laini huwashwa. Mafuta ya nazi huwa magumu upesi, kwa hiyo ikate siku ile ile ikishashika, kisha iache kwenye hewa wiki nne. Wengi huuza baada ya wiki moja kwa kuhitaji pesa, na mteja aliyechubuka harudi.

Kabla ya kuchapisha lebo, nendeni Taasisi ya Viwango Zanzibar na Wakala wa Chakula na Dawa. Ulizeni gharama za usajili kwanza, ziingizeni kwenye bei ya kipande. Vikundi vingi vimekufa na stoo imejaa sabuni nzuri isiyoruhusiwa kuingia dukani. Hoteli ndiyo mnunuzi wa karibu, ingawa pia ndiyo jirani mgumu. Paje, watalii wanaoendesha vishada vya majini hupita juu ya mashamba maji yakijaa, na kamba hukatika. Mpaka wa mashamba uwekewe maboya yanayoonekana, uandikwe kwenye mkutano wa shehia, na sheha, kikundi na wenye hoteli waweke saini. Fidia ya kamba moja itajwe kwa shilingi. Ahadi ya "tutaelewana" haijawahi kurudisha kamba.

Njia ya kuirudisha kotonii ni kwenda maji ya kina cha mita 2 hadi 6, ambako joto halipandi sana, kwa nyavu za mrija au kamba zinazoelea kwa maboya na kushikwa na nanga. Huko hufiki kwa miguu. Panahitajika chombo na kujua kuogelea, na wengi wetu hatukufundishwa tukiwa wadogo kwa sababu ya stara. Nungwi wasichana wamefundishwa na walimu wanawake, wakiwa na mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima, na wazazi wakakubali. Kikundi kinachofikiria kina kirefu kianze na hilo, mwaka mzima kabla ya kununua nanga, na jaketi la kuokolea liwe la kila mtu chomboni. Kisha chombo chenyewe: kisajiliwe kwa jina la kikundi, si la mume wa mwenyekiti wala la mfadhili, ufunguo wa mashine ukae kwa mweka hazina, na nahodha alipwe kwa siku aliyofanya kazi, si kwa fungu la mavuno.